Maktaba moja ya michezo ya video kwa nyumba nzima: nani anaweza kuingia, na kwa sharti gani

Muchezo wa video wenye uko ku disiki ni rahisi kuazimisha. Yaya anamaliza kucheza, anatosha disiki ku konsoli, anaipatia mudogo wake ao jirani, na mambo imeisha. Hakuna mutu mwenye ataomba ruhusa, hakuna kampuni yenye itajua.

Siku hizi michezo mingi hainunuliwi tena ku disiki. Mutu anailipa ku intaneti, inashuka ku ordinatere ao ku konsoli yake, na inabaki imefungwa ku konti yake (wengine wanasema akaunti). Mutu anaweza kuwa na michezo makumi mbili, na hakuna hata mumoja wenye anaweza kushika mu mukono na kupatia ndugu yake. Hapo ndipo ulizo linakuja: kama baba ao yaya amekwisha kulipa, je, watu wengine wa nyumba wanapaswa kulipa tena?

Jibu ni hapana, mara nyingi. Makampuni makubwa yameweka njia ya kugawanya maktaba ya michezo mu familia. Lakini kila njia iko na masharti yake, na mutu mwenye hayajui anaweza kujikuta amefungiwa inje kwa mwaka muzima, ao amepoteza muchezo wenye alilipa kwa feza yake, kwa kosa la mutu mwingine.

Mutu ananunua nini kabisa?

Mambo ya kwanza ya kuelewa ni hii: mwenye kulipa muchezo ku intaneti hanunui muchezo wenyewe. Ananunua ruhusa ya kuucheza. Muchezo unabaki wa kampuni yenye iliutengeneza, na ruhusa inaandikwa ku konti ya mutu mumoja.

Tangu mwaka wa 2025, sheria ya jimbo la California, inchini Marekani, inalazimisha maduka ya intaneti kusema wazi kwamba mununuzi anapata ruhusa tu. Duka kubwa la michezo ya ordinatere, Steam, lilianza kuandika jambo hilo mbele ya kulipa tangu Oktoba 2024.

Ruhusa hiyo haiuzishwi na haipitishwi. Masharti ya Steam hayakubali mutu auzishe konti yake ao aipatie mutu mwingine. Ndiyo maana kugawanya maktaba ni tofauti na kuachia mutu urizi: mwenye konti anafungulia wengine mulango, lakini nyumba inabaki ya jina lake.

Mambo ilianza namna gani

Mu mwaka wa 2013, kampuni ya Microsoft ilitangaza konsoli yake mupya, Xbox One. Ilisema kwamba mashine hiyo itapaswa kujiunga ku intaneti kila saa 24, na kwamba kuazimisha ao kuuzisha michezo yenye imekwisha kutumiwa kutakuwa na mipaka. Mu mupango huohuo kulikuwa pia jambo zuri: watu mpaka kumi wa familia wangeweza kutumia maktaba moja.

Watu walikasirika. Kwa mutu mwenye anaishi fasi umeme na intaneti vinakatika, mashine ya namna hiyo ingekuwa sanduku la bure. Kampuni ya Sony ilitumia nafasi hiyo. Ilitoa video fupi sana yenye kuonyesha namna ya kuazimisha muchezo wa PlayStation 4: mutu mumoja anashika disiki, anaipatia mwenzake, basi. Mu Juni 2013 Microsoft ilirudi nyuma, ikaondoa masharti hayo. Lakini mupango wa kugawanya na watu kumi nao uliondoka pamoja nayo.

Mu Septemba ya mwaka huohuo, kampuni Valve ya Marekani, yenye iliunda Steam mu 2003, ilitangaza njia yake ya kugawanya. Ilisema wazi kwamba ni kwa ajili ya familia na marafiki wa karibu. Mwenye konti aliweza kufungulia watu watano, ku mashine kumi. Lakini kulikuwa tatizo kubwa: maktaba yote ilitumiwa na mutu mumoja tu kwa wakati mumoja. Kama mudogo alikuwa anacheza, na yaya mwenye konti akafungua muchezo wowote ule, mudogo alipewa dakika chache: anunue, ao atoke.

Mupango mupya wa Steam: viti sita

Mu Septemba 2024, kisha miezi kadhaa ya majaribio, Valve ilileta mupango mupya wenye kuitwa Steam Families. Ndio wenye unatumika sasa.

Familia moja iko na viti sita: mwenye kuiunda na watu wengine watano. Kila mutu anabaki na konti yake mwenyewe, jina lake na neno lake la siri. Michezo ya kila mumoja yenye inakubali kugawanywa inaingia mu maktaba ya pamoja. Mwenye kuazima anacheza kwa jina lake: akifika mbali mu muchezo, safari yake inahifadhiwa peke yake na haichanganyikane na ya mwenye kununua. Kesho akinunua muchezo huo yeye mwenyewe, anaendelea pale aliachia.

Mabadiliko makubwa ni kwamba watu wanaweza kucheza wakati mumoja. Tuseme nyumba moja ya Butembo iko na mama, kijana wa miaka 20, dada yake wa miaka 17 na mudogo wao wa miaka 14. Kijana amenunua michezo kumi. Siku ya Posho mangaribi anacheza mumoja. Palepale dada yake, ku ordinatere ingine, anacheza Stardew Valley yenye kijana alinunua. Hakuna mwenye anamufukuza mwenzake.

Lakini kama mudogo naye anataka Stardew Valley saa ileile, atangoje. Nakala moja ni ya mutu mumoja kwa wakati mumoja. Wakitaka kuicheza wawili, lazima nyumba iwe na nakala mbili. Ni sawa na kitabu: nyumba nzima inaweza kukisoma, lakini si macho yote ku ukurasa mumoja.

Tena, si kila muchezo unaingia. Wenye kutengeneza muchezo wako na haki ya kukataa ugawanywe. Michezo yenye inaomba konti ya kampuni ingine, ao kulipa kila mwezi, kwa kawaida haigawanywi. Ni vizuri kuangalia ku ukurasa wa muchezo mbele ya kulipa, zaidi sana kama feza imechangwa na watu wengi. Michezo ya bure, kama vile Dota 2, haina lazima ya kugawanywa: kila mutu anaichukua mwenyewe.

Kiti kinaweza kufungwa mwaka muzima

Hapa ndipo familia nyingi zinaweza kukosea.

Mu lugha yetu, neno ndugu ni pana. Mutoto wa baba mudogo ni ndugu. Mutoto wa jirani mwenye alikomalia mu kiwanja ni ndugu. Valve haihesabu hivyo. Inasema kwamba mupango huu ni wa watu wa karibu wenye kuishi nyumba moja. Mu 2013 rafiki alitajwa wazi. Sasa hatajwi tena.

Tena, konti zote za familia moja zinapaswa kuwa za inchi moja. Yaya mwenye alienda Ubelgiji ao Kanada, na konti yake ni ya kule, hawezi kufungulia wadogo wake wa Bukavu ao Bunia maktaba yake kwa njia hii. Anaweza kufikiria kununulia mudogo wake muchezo kama zawadi, lakini hiyo ni nakala ingine, na feza ingine.

Na kuingia si jambo la kujaribu tu. Mutu mukubwa anaweza kutoka mu familia siku yoyote. Lakini hawezi kuunda familia ingine ao kuingia mu ingine mpaka mwaka mumoja upite tangu siku yenye aliingia mu ile ya kwanza. Kiti chenye aliacha nacho hakipewi mutu mwingine palepale. Nacho kiko na muda wake wa kungoja wa mwaka mumoja.

Maana yake ni hii: kijana mwenye anapatia rafiki wa masomo kiti cha sita leo, hatakuwa na kiti kwa binamu yake mwenye atakuja kuishi kwao mwezi wenye kuja. Na kama amekosana na rafiki huyo, kumufukuza hakutarudisha kiti mara moja. Ni vizuri nyumba ihesabu watu wake kwanza, kisha ndipo ialike wengine.

Mutu akitoka, michezo yake inatoka naye. Wenye kubaki hawapotezi safari zao zenye zilihifadhiwa, lakini hawawezi tena kufungua michezo hiyo mpaka wainunue ao mwingine wa nyumba ainunue.

Kosa la mumoja linaangukia mwenye kulipa

Sharti lenye kuuma zaidi linahusu udanganyifu. Kuna wachezaji wenye kuweka programu za kudanganya mu michezo ya kushindana ku intaneti, ili waone maadui nyuma ya ukuta ao wapige bila kukosa. Steam iko na ulinzi wenye kutafuta programu hizo, na mutu mwenye kukamatwa nao anafungiwa muchezo huo kwa siku zote. Kulia ao kuomba musamaha hakubadilishi kitu.

Kama mudogo amekamatwa anadanganya mu muchezo wenye yaya alinunua, mudogo anafungiwa, na yaya naye anafungiwa mu muchezo huo. Watu wengine wa familia hawaguswi. Mwenye kulipa ndiye anaazibiwa pamoja na mwenye kosa, hata kama alikuwa amelala. Kwa hiyo, mbele ya kufungua maktaba, yaya anapaswa kusema na wadogo wake waziwazi, na si kufikiri kwamba wanajua.

Hatari ingine ni ile ya njia ya mukato: kupatiana neno la siri. Wengi wanafanya hivyo kwa sababu inaonekana rahisi. Lakini konti moja haikubali watu wawili wacheze ku intaneti wakati mumoja ku mashine mbili. Na mwenye kushika neno la siri anaweza kulibadilisha, kununua kwa feza yenye iko mu konti, ao kulipatia mutu wa tatu. Mupango wa familia uliwekwa ili hakuna mutu awe na lazima ya kujua neno la siri la mwingine. Yule mwenye anaomba neno la siri ao ile kode yenye kufika ku telefone, hata akijiita rafiki ao mufanyakazi wa kampuni, hapaswi kupewa.

Konti zenye kuuzishwa kwa bei ya chini, zenye michezo mingi ndani, nazo ni mutego. Kuuzisha konti kunakatazwa, na mwenye aliiunda wa kwanza anaweza kuirudisha kwake hata kisha kupokea feza. Mununuzi hatakuwa na fasi ya kushitaki.

Wazazi wako na uwezo gani

Mu familia ya Steam kuna namna mbili za watu: wakubwa na watoto. Konti ya Steam inakubaliwa tangu miaka 13. Mutu mukubwa anaweza:

– kuchagua michezo yenye mutoto ataona mu maktaba;
– kufunga duka ao mazungumzo na marafiki;
– kuweka saa za kucheza, siku kwa siku;
– kuangalia mutoto amecheza muda gani;
– kukubali ao kukatala mutoto akiomba muda wa kuongeza;
– kusaidia mutoto kurudia konti yake kama amesahau neno la siri.

Mutoto akitaka muchezo, anaweza kutuma ombi, na mukubwa analipa. Mutoto hawezi kujitosha mu familia peke yake. Mambo hayo yote mukubwa anaweza kuyafanya ku telefone, bila kuwa karibu na ordinatere. Ni musaada kwa mama mwenye yuko soko mu saa za kazi ya masomo.

Steam inatumiwa kwa Kifaransa. Mwenye kuanza anafungua jina lake ku sehemu ya juu, anaingia fasi ya habari za konti, kisha fasi ya familia. Anaunda familia, anaipatia jina, anaalika wengine. Mwenye kualikwa ndiye anakubali. Hakuna mutu anaingizwa kwa nguvu.

Mega na umeme

Kugawanya ruhusa hakulete muchezo ndani ya mashine. Ruhusa ni ufunguo. Muchezo wenyewe ni muzigo. Na muzigo unaweza kuwa muzito. Stardew Valley inaomba nafasi ya megabaiti 500 hivi. Baldur's Gate 3 inaomba gigabaiti 150. Kwa mwenye kununua mega ku telefone, tofauti hiyo ni tofauti kati ya jambo lenye kuwezekana na lenye haliwezekane.

Lakini muzigo haupaswi kushushwa mara tano kwa watu watano. Tangu Februari 2023, Steam inakubali ordinatere mbili zenye ziko ku Wi-Fi moja ao ku waya moja zipeane mafaili ya muchezo. Ya kwanza iko na muchezo, ya pili inauomba. Badala ya kuushusha ku intaneti, inauvuta kwa jirani yake. Zote mbili zinapaswa kuwa zimefunguliwa ku Steam, na kidogo ya intaneti inabaki lazima kwa kuhakikisha, lakini sehemu kubwa ya mega inaokolewa. Njia hii inafanya kazi hata kati ya marafiki, kama mwenye muchezo amekubali: rafiki anavuta mafaili, lakini anapaswa kuwa na ruhusa yake mwenyewe ya kuyafungua.

Kwa siku zenye intaneti inakatika, michezo ya familia inaweza kuchezwa bila kuunganishwa. Sharti ni kujitayarisha mbele: kufungua muchezo mara moja wakati intaneti iko, kuacha ujiweke sawa, kisha kubadilisha Steam ku hali ya bila intaneti. Mwenye anangoja mpaka intaneti ikatike ndipo ajaribu, anaweza kukuta mulango umefungwa.

PlayStation, Xbox, Nintendo na telefone

Ku PlayStation 5, mwenye konti anachagua konsoli moja kuwa ya kugawanya. Kila mutu mwenye kutumia konsoli hiyo, kwa jina lake, anaweza kucheza michezo yenye mwenye konti alinunua, hata kama yeye hayuko na hata bila intaneti. Mwenye konti naye anaweza kucheza ku konsoli ingine, akiwa ameingia kwa jina lake. Lakini konsoli ya kugawanya ni moja tu.

Ku Xbox ni karibu sawa: mutu anachagua Xbox ya nyumbani, na wenye nyumba wanafaidika. Anaweza kuibadilisha mara tano kwa mwaka, si zaidi.

Nintendo ilibadilisha namna yake mu Aprili 2025 kwa mashine za Switch. Muchezo wa intaneti unaonekana sawa na kadi. Mwenyewe anaweza kuutosha ku mashine moja na kuuweka ku ingine, ao kuazimisha mutu wa familia yake kwa majuma mawili. Kisha hapo unarudi wenyewe. Kwa kuazimisha, mashine hizo mbili zinapaswa kuwa karibu. Familia ya Nintendo inafika watu munane.

Ku telefone za Android, Google iko na maktaba ya familia ya watu sita, na inaomba wote waishi inchi moja. Programu yenye ilinunuliwa inaweza kugawanywa, lakini vitu vyenye vinanunuliwa ndani ya muchezo, kama vile nguo za muchezaji ao feza za muchezo, havigawanywi.

Na rafiki je?

Rafiki hakukatwa kabisa. Steam iko na njia ingine, tangu 2019, yenye kuitwa Remote Play Together: mumoja ndiye anapaswa kuwa na muchezo, na wenzake wanaingia kucheza naye kupitia intaneti, sawa vile wamekaa mbele ya televizyo moja. Shida ni kwamba inaomba intaneti ya nguvu, kwa sababu picha zote zinapita hapo.

Fasi intaneti ni ya shida, njia ya zamani ndiyo inabaki ya maana: manete mbili, kioo kimoja, na kupokezana zamu. Na mwenye anajua mapema kwamba atataka kuazimisha rafiki, ni vizuri anunue disiki kama iko. Disiki haiulizi kama mwenye kuishika ni ndugu, jirani ao mugeni, na haiombi mwaka mumoja mbele ya kurudi.

Mambo ya kuulizana mbele ya kuanza

Nyumba yenye inataka maktaba moja inaweza kukaa pamoja na kujibu maulizo haya: Ni nani sita watakaa ku viti, na je, kuna mwingine mwenye atakuja mu mwaka huu? Konti zote ni za inchi moja? Michezo yenye tunataka inakubali kugawanywa? Nani ni mukubwa, na nani ni mutoto? Kila mumoja anajua kwamba kudanganya kunafungia pia mwenye kulipa? Neno la siri la kila mutu liko kwake peke yake?

Kama majibu yako wazi, muchezo wenye ulilipwa mara moja unaweza kufurahisha watu sita kwa miaka mingi. Kama hayako wazi, ni afazali kungoja juma moja na kuzungumza, kuliko kungoja mwaka muzima ili kiti kifunguke.